Mzigo Nilioupita Mbio

Nilianza kukimbia kwa sababu chuo kilifungwa. Haikuwa kwa ajili ya afya, wala kwa kupenda michezo. Vita vilinikuta mwaka wa mwisho, nikiwa nimebakiza mitihani miwili nipate diploma yangu ya uchumi, na walimu waliokuwa wakitoka Kisangani na Bukavu hawakuweza tena kufika. Nikabaki nyumbani Vulamba, mtaa wa Butembo, kwa wazazi wangu, mtu wa miaka ishirini na minne anayebishana na redio. Nilibishana na jeshi lililotushika, na jeshi jingine lililosema linakuja kutukomboa, na padri, na baba. Asubuhi moja nilitoka nje kwa hasira tu, nikakimbia mpaka mtoni, nikarudi, na kwa nusu saa nzima kichwa kilinyamaza. Kesho yake nikatoka tena.

Miezi michache baadaye mfanyabiashara mmoja wa kahawa, pamoja na vijana wa parokia, akatangaza mbio za kilomita arobaini na mbili, kutoka Beu kule Beni, kupanda kuja upande wa Butembo. Njia ilipimwa kwa kompteri, kihesabu kilomita cha lori lake. Nilikwenda mpaka dukani kwake kumweleza kwamba tairi zilizolika huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo kilomita zake lazima ni fupi.

Alinitazama kutoka nyuma ya magunia. “Étudiant, kama ni fupi, si utafika mbele ya saa? Donc unalia nini?”

Atakayeshinda angepandishwa lori mpaka Kampala, na karatasi zote za kuvuka mpaka, akakimbie mbio kubwa za huko. Mimi nilizitaka zile karatasi kuliko mbio zenyewe. Nikifika Kampala sikuwa na nia ya kurudi. Jambo hilo sikumwambia mtu yeyote, na mama nilimficha kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akinichemshia mayai kila jioni ili nipate nguvu.

Wiki tisa kabla ya mbio, nikiteremka kilima kwa kasi, niliingiza mguu wa kulia katika mtaro uliochimbwa na magurudumu ya malori. Mfupa wa mbele ulilia. Nilirudishwa Butembo nimekaa juu ya ndizi za mtu, kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo vijana wetu husukumia mizigo. Mwenye chukudu aliiacha iteremke yenyewe, upepo ukivuma masikioni, akanipigia kelele: “Mukimbiaji! Leo njo unakimbia muzuri!”

Hospitalini mashine ya picha haikuwa na filamu tangu njia zifungwe. Muuguzi alibonyeza mguu kwa kidole gumba, nikapiga yowe, akaandika kwenye karatasi kwamba mfupa una ufa na kwamba nipumzike wiki sita. Nilimuuliza amejuaje bila picha. Akasema amejua kwa yowe.

Mama hakutosheka na ile karatasi. Siku ya pili alimleta muunga mifupa, mzee mwembamba aliyetoka milimani na mfuko wa majani. Nyumbani tunaongea Kinande, na mzee naye, lakini mimi siku ile nilimjibu kwa Kiswahili cha sokoni ili kumwonyesha kwamba sipo pamoja naye. Alipapasa mguu wangu, akaupaka majani yaliyopashwa moto, akaufunga kwa vijiti na kamba za mgomba. Kisha akamwomba mama kuku. Mama alileta kuku wake mwekundu, wa mayai. Mzee akamshika mguu wa kulia, akauvunja katikati kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayefungua ganda la njugu, na papo hapo akamfunga kama alivyonifunga mimi: majani yale yale, vijiti vidogo, mafundo yale yale.

“Siku kuku itakanyaga chini,” alisema, naye sasa kwa Kiswahili, kwa heshima ya ujinga wangu, “na weye utakanyaga.”

“Muzee, hiyo haina preuve,” nikasema. “Ili tujue dawa yako inafanya kazi, tungetaka na kuku ya pili, tuivunje, tuiache bila dawa.”

Akafikiri kidogo. “Ni kweli. Na weye leta mguu yako ya pili, tuivunje, tuiache bila dawa.”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hata baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini, Maître kwa avenue nzima, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo, aligeuza uso akatazama nje.

Wiki ile ile nyumbakumi alipita na orodha yake. Huyu ndiye mkuu wa nyumba kumi za avenue yetu, na kazi yake wakati ule ilikuwa kutafuta wanaume wa kutengeneza njia ya Beni. Kila nyumba itoe mtu mmoja, Jumanne na Ijumaa, abebe mawe ya kufukia mashimo yanayomeza malori. Katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi. Nilimpa karatasi ya hospitali. Hakuisoma.

“Karatasi ya docteur kila mutu iko nayo,” alisema. “Hata kwa soko utaipata, pembeni ya nyanya. Kuku iko wapi?”

Mama alimpeleka jikoni. Aliinama, akamtazama kuku aliyelala kwenye kikapu na mguu wake uliofungwa, akarudi akaandika. “Huyu ni mugonjwa wa kweli. Mupaka kuku itembee.” Halafu akaona orodha ina nafasi tupu mbele ya jina la nyumba yetu, akasimama pale na kalamu hewani.

“Andika miye,” baba akasema.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Ijumaa ile alivaa koti lake la shule, lile la kijivu, akachukua beleshi, akaenda. Jioni alirudi na vumbi kwenye nyusi. Alisema amekutana na wanafunzi wake wengi wa zamani, na kwamba mmoja wao, msimamizi wa mawe, bado hajui kuhesabu. Nilicheka. Nilijiambia kwamba baba anapenda kwenda. Nilijiambia hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa.

Kufikia wiki ya nne mguu ulikuwa umepona. Sijui ni majani, au ni kupumzika, au ni ujana tu. Nilitaka sana kujua, na sikuwa na njia ya kujua. Najua tu kwamba nilianza kutoka alfajiri. Nilichechemea hadi nyuma ya migomba ya jirani, nikafungua vijiti, nikavificha, nikakimbia. Kurudi, nilivifunga tena na kuchechemea mpaka mlangoni. Kuchechemea ni kazi. Lazima ukumbuke ni mguu gani.

Ningeweza kusema nimepona, nikaenda kubeba mawe badala ya baba. Lakini mbio zilikuwa zimebaki wiki tano, na mtu aliyebeba karai la mawe kutwa hawezi kukimbia kilomita thelathini kesho yake. Hiyo ilikuwa hesabu yangu. Ilikuwa hesabu sahihi, na ndiyo maana sikuikagua mara ya pili.

Halafu siku moja, Jumatano, kuku akasimama.

Nilikuwa peke yangu nyumbani. Mama alikuwa sokoni, baba alikuwa kanisani akifundisha katekisimu. Nilimwona akitoka kwenye kikapu, akakanyaga, akakanyaga tena, akadonoa punje ya mahindi kama vile hakuna lililotokea. Kesho kutwa ilikuwa Ijumaa, na nyumbakumi alikuwa na desturi ya kupitia jikoni kabla ya kuita majina.

Sikuamini kuku. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu ndilo linalonitia aibu zaidi. Mtu anayeamini angeogopa kumgusa. Mimi nilijua kwamba hakuna uzi unaounganisha mguu wa kuku na mguu wa mtu, na kwa kuwa nilijua, nilimshika, nikamweka magotini, nikamvunja. Sauti ilikuwa ndogo. Nilitegemea atapiga kelele, na hakupiga. Alinitazama kwa jicho moja, la upande. Nilimfunga upya kwa kamba zile zile, nikamrudisha kikapuni.

Mama aliporudi na kumkuta amelala tena, alikwenda kumwita mzee. Halafu akaanza kufunga: asubuhi maji tu, mpaka saa tisa, kwa ajili ya mguu wangu.

Mzee alikuja Alhamisi. Alimgeuza kuku, akampapasa kwa muda mrefu. Mama alipokwenda kutafuta maji ya moto, alisema bila kuniangalia:

“Miye navunjaka hapa katikati. Huyu amevunjwa juu. Na mutu alibonyeza na kidole gumba kutokea upande huu.” Akamgeuza kuku tena. “Uko mutu wa mukono wa kushoto?”

“Hapana,” nikasema.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Alikitazama kikombe, nami nikakitazama. Mama aliingia na maji. Mzee alimfunga kuku, akakusanya majani yake, na mama alipompa maharage ya kumshukuru, akakataa. Alisema mfupa huu hajautengeneza bado. Mama alielewa kwamba hali yangu ni mbaya, akalia kidogo jikoni, nami nilimsikia.

Ijumaa baba aliondoka na koti lake na beleshi. Nilingoja apotee, nikapita njia ya mashambani ili watu wa kwetu wasinione, nikatokea barabara kuu mbali na mji. Nilikusudia kilomita thelathini. Nilikwenda upande wa Beni, nikageuka, na asubuhi ilipokuwa imekwisha kupata joto nilikuwa nikirudi, nikipanda, pumzi ikiwa nzuri, miguu ikiwa nyepesi kuliko siku zote tangu niumie. Nilizunguka kona moja yenye mikaratusi, nikakutana uso kwa uso na msururu wa wanaume wenye masanduku vichwani.

Kulikuwa na watu kama kumi na watano, na askari wanne. Baadaye nilisikia lori lao lilizama karibu na mahali pa kazi, wakawachukua wabeba mawe ili wabebe na masanduku ya risasi mpaka Beni. Wale wa mbele sikuwafahamu. Walikuwa wa avenue nyingine. Wa tano alikuwa mzee mwenye koti la kijivu. Sanduku lilikuwa limemkandamiza shingo mpaka hakuweza kuinua uso, kwa hiyo aliona miguu yangu kwanza. Kisha akainua macho tu.

Askari wa mbele akaninyooshea bunduki. “Yo! Yaka awa!” Njoo hapa.

Nilisimama. Nilijua kinachofuata: sanduku moja, na Beni, na Mungu anajua wapi baada ya Beni. Na nilijua pia, kwa sababu kichwa changu hakikuacha kupiga hesabu hata pale, kwamba kama ningesema “nipe la mzee huyu”, wangeweza kukubali, au wangetuchukua sote wawili.

Baba ndiye aliyesema. “Chef, muache huyo. Ni mwendawazimu wa kwetu. Anakimbiaka hivi kila siku, hata na mvua.”

Askari akanitazama: kaptula, jasho, mguu wenye alama za kamba. “Liboma?”

“Liboma,” baba akasema. Hakuwa akijua Lingala, lakini neno hilo alilijua.

Askari walicheka. “Tika ye,” mmoja akasema, muache, na mwingine akapiga makofi: “Pota mbangu, liboma! Pota mbangu!” Kimbia mbio, kichaa.

Nikakimbia. Nilirusha mikono, nikatoa ulimi. Hakuna aliyeniambia nitoe ulimi. Hilo nililiongeza mwenyewe. Nilipita kando ya msururu wote, karibu na baba kiasi cha kusikia anavyohema, na sikugeuka nyuma. Nilipofika juu ya kilima nilitazama saa yangu. Kilomita ile ilikuwa ya haraka kuliko zote nilizowahi kukimbia. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa sekunde moja, kabla sijakumbuka mimi ni nani, nilifurahi.

Walirudi Jumapili alasiri. Watu wa avenue walitoka nje kuwapokea. Baba aliingia ndani akitembea kwa pembe za nyayo, akakaa, na mama akamvua viatu. Soksi zilikuwa zimeshikamana na ngozi. Mama alimwagia maji ya uvuguvugu na chumvi, na kila alipoona kidonda kipya aliuliza swali, kama wanavyofanya watu wanaoogopa kunyamaza. Mulilala wapi? Mulikula? Njiani mulionana na mutu wa kwetu?

“Hapana,” baba alisema. “Kichaa mumoja tu.”

“Kichaa gani?”

“Wa njiani. Alikuwa anakimbia.” Akafumba macho, maji yakimchoma. “Ana miguu mizuri.”

Nilikuwa nimekaa mkabala naye, mguu wangu wenye vijiti nimeunyoosha juu ya kigoda, kama mgonjwa.

Jumanne nyumbakumi alipokuja, nilikuwa uani nimesimama, mguu wazi, vijiti nimevitupa, beleshi mkononi. Nilikuwa nimepanga kwamba mambo yaishe hivyo, bila maneno: nimepona, naenda, basi. Aliniangalia, akaenda jikoni, akarudi akitikisa kichwa.

“Kuku haiyatembea bado.”

“Miye natembea.”

“Kuku haiyatembea,” akarudia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. “Nikikutwaa uko mugonjwa, ukianguka kule, batu ya avenue batasema nini juu yangu? Eti nimevunja mutoto ya Maître? Hapana. Ngoja kuku.”

“Mguu umepona! Docteur alisema wiki sita, na…”

“Docteur hana kuku.”

Majirani waliokuwa wakisubiri mlangoni na majembe yao wakacheka. Mama alitoka, akaniambia nirudi ndani nisijivunje. Na nyuma yake baba alikuwa amekwisha simama, amevaa kandambili kwa sababu viatu havikuingia tena, anatafuta koti.

Alikuwa ameniona kwa macho yake nikikimbia kwa miguu ile. Angeweza kusema. Neno moja la Maître, nyumbakumi angeniandika. Alivaa mkono mmoja wa koti, kisha mwingine, akanyoosha mkono nimpe beleshi.

“Nilimuvunja miye,” nikasema.

“Nani?” nyumbakumi akauliza.

“Kuku.”

Walicheka tena, walidhani ni ubishi wangu wa kawaida. Ikanibidi niseme mara ya pili, na mara ya pili lazima ueleze: siku gani, kwa mkono gani, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amekwisha tembea. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa akicheka. Mama hakuniangalia mimi. Aliangalia jikoni. Nilimwona akihesabu siku alizofunga.

“Chuo kikuu,” nyumbakumi akasema polepole, akiandika. “Banakufundisha miaka yote ile. Unakuya kuvunja kuku ya mama yako.” Akaelekeza kalamu kwenye beleshi langu. “Tembea.”

Nilibeba mawe Jumanne ile, na Ijumaa, na nyingine zote. Habari ilifika kazini kabla yangu. Kila nilipopita na karai, mtu mmoja alilia kama kuku anayetaga, na wengine wakapokea mpaka mwisho wa mstari. Msimamizi, yule asiyejua kuhesabu, aliniita Docteur. Hayo yote niliyaweza. Yalikuwa ya kuku, na kosa la kuku lilikuwa dogo kati ya mawili. Lile jingine lilikuwa la watu wawili tu, mimi na baba.

Mbio zilikaribia. Jina langu lilikuwa bado kwenye orodha kule Beni. Mguu haukuuma, ningependa kuandika kwamba uliuma. Jioni ya kuamkia siku ambayo lori lingewapeleka wakimbiaji, baba alikuwa amekaa uani, nyayo zake zikiwa ndani ya beseni. Vidonda vilichelewa kufunga mwaka ule.

“Hauendi?” akaniuliza.

“Siendi.”

“Umejitayarisha muda murefu.”

Nikachutama mbele yake. Nilikuwa nimelitunga lile neno kwa wiki tatu, nikiwa na karai kichwani, na nilijua jinsi litakavyoanza. “Baba, ile siku kwenye kona, miye…”

Aliinua mkono kutoka gotini, si kwa hasira.

“Ile siku nilionana na kichaa,” alisema. “Kichaa hana kosa, nilimuonea huruma, nikaenda na muzigo yangu mupaka Beni nikimuonea huruma. Sasa ukiniambia alikuwa weye, mutoto yangu, nitafanya naye nini?”

Mimi niliyekuwa na swali juu ya kila kitu, nilichutama pale nikitazama miguu yake ndani ya maji, mpaka maji yakapoa, na yeye akaniomba, kwa adabu, kama mtu anavyomwomba mtoto wa jirani, nimletee mengine.